Mikono Ine kwa Maillot ya Nyundo

Siku ya kwanza ya juma, 7 Octobre

Ruphin, weye prezida ya ba-supporter, minakugombeza hapa ku karatasi sababu ku mudomo unanikimbiaka: maillot ya ekipe ya mupira haiko muhogo! Unaitia mu mufuko ya simenti, na potopoto yake, na jasho yake, unafunga na kamba, unanitupia pa mulango, kisha unawasha moto yako, ile pikipiki, unaenda. Maillot kumi na nane. Nyeupe! Muntu mwenye akili anatia kintu nyeupe mu simenti?

Basi. Sasa roho inatulia, naweza kuandika kama muntu.

Hii daftari, hii cahier, ni ya Jessica, mujukulu yangu, aliacha karatasi nyingi bila maandiko nyuma. Minye nilisomaka kidogo tu, ku foyer social ya bamama, kule camp ya bafanyakazi ya Shituru, pahali balitufundishaka kushona na kuandika. Tangu bwana yangu Germain alikufa, siko tena na muntu ya kugombeza mangaribi. Jessica anatia bile bintu ya telefone mu masikio, hasikii. Basi minagombeza karatasi. Karatasi haijibu.

Leo tulifula na Mama Mbombo, jirani yangu. Miaka makumi mbili siye babili tunafula maillot ya Nyundo, ekipe yetu ya Likasi. Robinet ya maji iko kwake, bassin iko kwangu. Bassin kubwa ya chuma, na kiraka ya shaba pa chini, batoto babili banaweza kukaa ndani. Ni yangu, nilinunua. Iandikwe.

Na kufula ya Nyundo iko na sheria yake. Maji ni ya robinet ya Mbombo, hapana ya pompe. Pompe ya mukono ya huku Kikula, mutaa yetu, inatoa maji na kutu ndani: leo hauone kintu, kesho nguo nyeupe inakuwa kama meno ya muvuta tumbako. Sabuni ni ya kipande. Kukamula ni bantu babili, moja anashika huku, mwingine kule, munazungusha mpaka nguo inalia. Na kuanika ni ndani, ku kamba, mu nyumba yangu, mulango na kifunguo. Kwa nini? Juu bantu ni babaya. Muntu anaweza kupita na dawa yake, anapakaa ku maillot ya gardien, mulinda goli, na siku ya match mutoto anaona mipira mbili. Ba-pasteur banasema ile ni bujinga. Lakini siku ya match ba-pasteur nabo banakuya kuniuliza polepole: «Mama Marceline, mulifunga mulango?»

Siku ya yenga, misa na match, 13 Octobre

Mbili kwa sufuri juu ya bale ya Kolwezi. Tshimanga alifunga zote mbili. Siko na sauti.

Siku ya kwanza, 14 Octobre

Kufula. Mbombo alinicheka asubui yote.

«Marceline, kamata muzuri! Unakamula maillot ao unasalimia askofu?»

«Weye njo hauna nguvu. Ulikula nini leo?»

«Nilikula Kolwezi.»

Tulicheka mpaka maji ikamwangika. Eko na miaka makumi saba kama minye, lakini mikono yake ni ya chuma. Yangu inaanza kukataa, vidole inafunga yenyewe asubui. Yeye anajua, hasemi. Anashika ngambo yenye iko muzito, anajifanya ni bahati.

Siku ya yenga, 20 Octobre

Mvula ya kwanza. Match haikuchezwa. Tulikula bukari ya bunga na majani ya sombe.

Siku ya yenga, 3 Novembre

Tulienda ku Lubumbashi, mu camion, bamama makumi tatu, na chungu, na vifuniko ya kupiga ngoma. Tulipita Buluo, pa gereza, tukiimba, mpaka bafungwa bale balikuwa banalima inje balitupungia mikono. Ile njo mushangao ya ekipe: hata muntu mwenye hawezi kutoka anajua ni ya kwabo inapita.

Ku stade bale ya Lubumbashi balitungojea na matusi yabo ya kila mwaka: «Bana-asidi! Bana-asidi banafika! Mufunge pua!» Juu ya usine yetu, kiwanda ya shaba kule Shituru, yenye inatumia asidi. Kwabo siye ni bantu ya harufu.

Minye nilikuwa natafuta jibu. Mbombo hakutafuta. Alisimama juu ya banki ya mbao, akapiga kifuniko na mwiko, akapiga kelele na sauti yenye ilifika mpaka Kipushi:

«Ni asidi njo inasafishaka shaba! Bila siye bana-asidi, mweye muko bulongo ya chini tu!»

Bantu yetu bote balisimama. Hata mama moja ya Lubumbashi alicheka, akamutupia ndizi.

Tulishindwa moja kwa sufuri, tukarudia tunaimba kama benye balishinda. Na mu camion nilimuangalia Mbombo, amelala na kifuniko ku kifua. Baba yake alitoka Kasaï, jimbo ingine, wakati ya ukoloni ya Babelji, kuya kufanya kazi. Baba yangu alitoka Kasenga, huku huku Katanga, mwaka ule ule pengine, kazi ile ile. Yeye banamuita Kasaïenne, minye hakuna muntu ananiita kintu. Lakini leo kule Lubumbashi hakuna mwenye aliuliza. Tulikuwa Likasi, kwisha. Nilifikiri: muntu anakuwa ya pahali siku banamutukana juu ya pahali pale, na anajibu.

Nilifikiri vile, nikalala vizuri. Niliona niko muntu muzuri.

Siku ya yenga, 24 Novembre

Tshimanga tena. Goli ya kichwa. Bamama balitaka kumubeba.

Siku ya tatu, 11 Décembre

Mvula siku tano. Maillot inakauka kama mupagani anasali: kidogo kidogo na bila moyo.

25 Décembre

Mbombo alileta mikate. Nilimupatia nusu ya kuku. Jessica aliniuliza kwa nini nusu. Mutoto bila adabu.

Siku ya yenga, 5 Janvier

Balisoma kalendari ku radio. Tarehe 19, pa stade yetu, ekipe ya Mbuji-Mayi, muji ya Kasaï.

Siku ya ine, 9 Janvier

Soko ya Kikula inabadilika. Infirmier mwenye anachomaka batoto yetu shindano, leo niliona amevaa kofia ya ekipe ya Mbuji-Mayi. Muuza mikate naye. Miaka yote balikuwaka bana-Nyundo. Sawa, kofia ni kofia, muntu anaweza kupenda ekipe mbili kama anapenda batoto babili. Lakini bengine banaanza kuhesabu kofia, na nyuma ya kofia banahesabu majina ya Kasaï. Niliuliza bei ya nyanya, mama moja alinijibu: «Nyanya ya hawa ao nyanya ya siye?» Nyanya!

Siku ya posho, kesho yenga, 11 Janvier

Ruphin alikuya, bila moto, na muguu. Alikaa. Alikubali chai. Nikajua ni maneno mubaya.

«Kambo Marceline, weye bibi yetu, siye tunakuheshimu.»

«Sema.»

«Ni juu ya Mama Mbombo. Juma hii moja tu. Komite inaomba asiguse maillot.»

«Juu ya nini?»

«Kambo, unajua.»

«Minye sijue kintu. Sema na mudomo yako, usitumikishe yangu.»

Alitazama viatu yake. «Ni ekipe ya kwabo njo inakuya. Bantu ya kwabo banaweza kumutuma. Hata yeye bila kutaka. Damu ni damu.»

«Na Tshimanga? Ile jina ni ya wapi? Ya Kasenga?»

«Aa, Kambo! Tshimanga eko na goli kumi na moja!»

Alisema ile bila haya, kama muntu anasema mvula ni maji.

Pale njo nilipaswa kukamata fagio. Minye mwenye niligombezaka mpaka padri juu ya misa ndefu. Lakini Ruphin aliongeza, na sauti ya asali: kama minaona ni ngumu, hakuna neno, muke yake Suzanne atafula, eko na pompe mu kiwanja na mashini ya kufula.

Ile ilinipiga. Miaka makumi mbili maillot ya Nyundo inalala mu nyumba yangu. Njo maana bantu bananipishaka mu soko, njo maana banamuita Jessica «mujukulu ya Nyundo». Germain alikufa, usine haina tena kazi na siye, batoto balienda Kolwezi na Zambie. Nilibakia na kintu gani? Na kifunguo ya ule mulango.

Nilisema: «Sawa. Juma moja.»

Sasa minaandika na minajiambia: juma moja haiko kintu. Mbombo ataelewa. Hata hatajua.

Siku ya kwanza, 13 Janvier

Mbombo alikuya saa moja ya asubui, na kipande yake ya sabuni, kama siku zote.

«Maillot ilifika?»

«Hapana. Bataifula kule kwa Ruphin juma hii.»

Nilisimama pa mulango kama muntu mwenye nyumba yake inaungua ndani. Lakini sikusimama vizuri. Mufuko ya simenti ilikuwa chini ya meza, mukono ya maillot ikitoka inje. Mbombo aliiona. Niliona vile anaiona.

«Sawa,» alisema. Akatia sabuni mu mufuko ya tablier yake ya kufulia. «Basi minarudia, niko na sombe ku moto.»

Hakukuwa sombe. Moshi haikutoka kwake siku ile yote.

Siku ya pili, 14 Janvier

Maji.

Nani aliwaza juu ya maji? Komite haikuwaza, komite ni banaume. Minye njo nilipaswa kuwaza. Robinet iko kwa Mbombo. Ya kwangu ilikauka tangu miaka mingi.

«Kambo,» Jessica alisema, «twende tu tumuombe. Ni maji.»

«Funga mudomo.»

«Utamuomba maji ya kufula kintu yenye ulimuambia haiko hapa?»

«Nilisema funga mudomo!»

Alikuwa na haki. Njo maana nilipiga kelele.

Tulichota ku pompe, bidon kumi. Nilipitisha maji mu kitambaa mara mbili. Niliacha ikae mu bassin mpaka mangaribi, kutu ikae chini, nikachota ya juu na kikombe, polepole, kama muntu anatoa mafuta ku supu. Niliona maji ni safi. Nilitaka kuona ni safi, basi niliona.

Kukamula: Jessica alishika ngambo moja, mikono yake ni ya telefone, nguo inateleza. Nikafunga maillot ku nguzo ya mulango, nikazungusha peke yangu. Nguzo haizunguke. Nguzo haicheke. Vidole yangu yote ilifunga.

Siku ya tatu, ya ine, ya tano

Mvula. Mvula. Mvula. Ku ukuta ya Mbombo radio inaimba. Hajanisalimia. Minye pia sijamusalimia.

Siku ya posho, 18 Janvier

Jua ilitoka saa sita. Maillot ilikauka. Nilitia makaa mu pasi, nikaweka ya kwanza ku meza, namba tisa, ya Tshimanga.

Pasi ilipita, na nyuma ya pasi rangi ikatoka. Madoa ya manjano, ya kahawia, kama ramani ya inchi yenye haiko. Nikachukua ingine. Vile vile. Kumi na nane, vile vile.

Miaka makumi mbili hatukupata doa moja. Hata ule mwaka maji ilikosekana, bantu bakakunywa ya mutoni.

Jessica alikuya, akaangalia, akatoa bile bintu mu masikio. Akaanza kukunja maillot moja moja. Ningependa anigombeze.

Siku ya yenga, 19 Janvier

Sasa nitaandika yote, hata kama mukono inauma.

Stade ilijaa saa saba. Upande ya jua balikaa bale ya kofia, siye upande ya tribune. Katikati balitia kamba na polisi. Zamani hakukuwaka kamba. Niliangalia bantu ya ule upande: infirmier, muuza mikate, mwalimu mwenye alifundisha Jessica kuhesabu. Bantu ya kila siku. Nilitafuta Mbombo mule. Hakuwa. Nikatafuta ku upande yetu, pahali yake karibu na ngoma. Bantu baliacha ile pahali wazi, hakuna mwenye alikaa. Hakuwa.

Ekipe yetu ilitoka. Stade yote iliangalia maillot. Kisha upande ya jua ikapasuka:

«Nyundo inashika kutu! Nyundo inashika kutu! Muipake mafuta!»

Na ilikuwa ya kweli. Ningekuwa kule, hata minye ningeimba.

Bamama ya upande yangu baligeuka kuniangalia. Ruphin aliniangalia. Nilisema na sauti nguvu: «Muangalie mupira!» Lakini sikio yangu ilikuwa ya moto.

Bale ya Mbuji-Mayi njo balifunga kwanza, dakika ya makumi mbili. Bantu yetu balianza: «Balitufanyia dawa! Maillot! Muone maillot! Yule mama Kasaïenne aligusa!» Neno ikakimbia ku banki kama moto mu majani. Mbombo! Mwenye hakugusa hata uzi! Nilisikia, na kwa dakika moja, karatasi unisamehe, nilinyamaza. Kunyamaza ilikuwa muzuri sana. Madoa ilitoka ku mikono yangu ikaenda ku mikono yake, na hakuna mwenye angalijua.

Kisha Ruphin mwenyewe aligeuka: «Kambo, si nilikuambia?»

Pale nilisimama. Juu ya banki, kama yeye ku Lubumbashi.

«Ni minye!» nilisema. «Minye Marceline, na maji ya pompe! Mbombo hakugusa! Balisema asiguse, nikakubali, na muone vile mikono yangu inafula!»

Bengine balicheka. Bengine baliona haya. Ruphin alikaa.

Kipindi ya pili, dakika ya makumi saba, Tshimanga alipita babili, akapiga. Goli. Moja kwa moja. Upande yetu ikaanguka yenyewe juu ya yenyewe, banaume balilia, Ruphin alipiga kelele «Mutoto yetu! Mutoto yetu!» Na kule ngambo ya jua nao, bengine balipiga mikono juu ya jina yake ya Kasaï. Lakini Tshimanga hakucheza ngoma. Anachezaka kila goli, yule, mpaka kiuno inakatika. Leo alisimama tu, mikono chini, mu maillot ya madoa, kama muntu anangojea kusikia ni nani atamuita mutoto yake kesho.

Match iliisha moja kwa moja. Ku kutoka, bale ya kofia balipita chini yetu. Kijana moja nyuma yangu akabatupia neno. Ile neno ya zamani, ya mwaka 1992, yenye tulibaitaka kama vidudu. Sitaiandika. Kijana hakuwa hata amezaliwa ule mwaka! Nani alimufundisha? Siye. Nilimupiga na kifuniko ya chungu ku bega.

«Kambo!» alisema. «Uko upande gani?»

 Nilirudia nyumba na muguu.

Na sasa ile ingine. Germain peke yake njo aliijua.

Mwaka 1992 bantu ya Katanga balifukuza bantu ya Kasaï mu nyumba, mu usine, mu camp. Balikaa ku gare ya Likasi, majuma na majuma, chini ya bâche ya turubai, mu mvula, kungojea train. Na siye bantu ya muji tulienda kule kama muntu anaenda soko. Balikuwa banauza bitanda, mashini ya kushona, chungu, juu train haibebe yote na batoto balikuwa na njaa. Germain alikataa, alikaa nyumba na uso ku ukuta. Minye nilienda, na meka mbili, vipimo mbili tu, ya bunga.

Kulikuwa mwanamuke moja anakaa juu ya bassin, aliigeuza chini-juu kama kiti. Bassin muzuri, na kiraka ya shaba. Nilionyesha bunga. Alisimama, akaacha bassin. Na minye, juu nilikuwa na haya na haya inanifanyaka niende mbele na mudomo, nilimuambia: «Unaenda kwenu. Bassin itakusaidia nini?»

Unaenda kwenu. Muntu mwenye alizaliwa ku hospitali ya Shituru.

Kisha miaka sita kupita, mwanamuke moja alikuya kupanga nyumba yenye iko na robinet. Nilimutambua siku ya kwanza. Nilisali asinitambue. Na mwaka komite ilinipatia maillot, nilimuomba maji, akaleta maji, akaona bassin, akaipima na macho. Akasema: «Ni nzito. Nitakusaidia kukamula.»

Siku ya kwanza, 20 Janvier

Nilienda kwake asubui. Alifungua nusu.

«Karibu,» alisema, lakini hakutoka pa njia.

«Haukukuya ku match.»

«Nilisikiliza ku radio.»

«Ulikuwa unataka nani ashinde?» Mudomo yangu ni mujinga, ilisema ile kabla ya salamu.

Hakukasirika. Alitazama mikono yake. «Njo sababu sikukuya, Marceline. Goli yoyote inaingia, bantu bote bataangalia mikono yangu: inapiga ao haipigi. Hata weye ungeangalia.»

Ningeangalia.

«Unajua,» alisema, «kule Mwene-Ditu, miaka sita, baliniitaka mu-Katangais. Balicheka Kiswahili yangu. Siku ya yenga nilikuwa napanda ku kilima na radio ya jirani, kutafuta matokeo ya Nyundo. Mara nyingi ilikuwa kelele tu. Nilikuwa nasikiliza kelele.»

«Mbombo. Ile bassin.»

«Ee.»

«Ulijua?»

«Ile kiraka ni bwana yangu aliisoude, aliichomelea mwenyewe. Nitakosa kuijua namna gani?»

«Na haukusema! Miaka yote ile!»

«Ningesema nini? Nilirudia, niliikuta inafula Nyundo. Nilisema: basi, iko pahali yake, na minye nitakuwa pahali yangu.» Kisha sauti yake ikashuka. «Lakini juma hii ulinionyesha tena gare. Ile siku ulikuwa muntu yenye sijue. Sasa ni weye.»

Ilikuwa heri anitukane. Miaka makumi saba minatukana bantu, sikujua muntu anaweza kuchapa muntu na sauti pole vile.

«Nisamehe,» nilisema. Neno ilitoka nzito, haiko na desturi ya kutoka.

«Minachoka, Marceline. Mutafute muntu mwingine.»

Akafunga. Nilibakia inje, mvula kidogo inaanza. Nilikuwa nageuka wakati sauti ikatoka nyuma ya mulango:

«Madoa ile. Ndimu na chumvi. Muanike ku jua. Na musisugue na brosi, mutatoboa.»

Siku ya pili, 21 Janvier

Ruphin alikuya, na moto, na mufuko ya simenti. Alisema komite ilikaa, ilinisamehe. Ilinisamehe! Nilimuambia asizime moto, nitamuambia haraka: aache mufuko, kesho Jessica atamuita.

Na niliwaza asubui yote. Sijue kama Mbombo atafungua. Pengine hatafungua. Siko na haki ya kumulazimisha, haki yangu niliuza kwa meka mbili ya bunga. Lakini kijana aliniuliza niko upande gani, na minye sipendi deni ya jibu. Kuna bantu benye Likasi inakaa mu mudomo yabo, na kuna mwenye alipanda kilima kusikiliza kelele. Minye nilikuwa na kifunguo, yeye alikuwa na ekipe.

Jessica, njo weye unasomaka hii cahier yangu mu siri, minajua, unaacha maganda ya karanga katikati. Basi soma vizuri.

Kesho, usingojee jua ishuke. Muite Ruphin, akuye na muguu. Mugeuze bassin, mupanguse kiraka mpaka shaba ionekane. Kisha Ruphin aitie ku kichwa yake, ndiyo, yeye prezida, na mupite naye ku njia kubwa ya soko ya Kikula, mbele ya nyanya na mikate na kofia, hapana ku njia ya nyuma. Muntu akiuliza munabeba nini, museme: bassin ya Mama Mbombo, inarudia kwabo. Museme vile vile. Kwabo. Na mukionyesha na kidole, muonyeshe hapa, ku Kikula, ku ule mulango yenye iko na robinet.

Muiweke mu kiwanja yake. Maillot muiache juu yake, na ndimu kumi, na chumvi, na kifunguo yangu. Usiseme samahani kwa jina yangu, ile ni kazi yangu. Piga hodi, rudi nyuma hatua tatu, na hata akikawia mpaka mangaribi, usimuite mara mbili.

Na uniletee kiti. Nitakaa inje ya lupango, kiwanja yake, na sabuni yangu mu mukono. Akifungua mulango, weye Jessica nishikilie vidole mpaka inyooke: minye nitashika ngambo yenye iko muzito.